Piga Kila Wiki, Tunza Kila Wiki: Mwongozo kwa Mpiga Picha Anayeanza Nyanda za Juu Kusini

Maswali ya wanaoanza kupiga picha ni yaleyale, yawe yametoka Mbeya mjini, Tukuyu, Njombe au Mafinga. Ninunue kamera gani? Mbona picha zangu zinatoka nyeusi? Nipige nini, maana hapa kwetu hakuna kitu? Na lile linalouma kuliko yote: simu imeibiwa, picha za marehemu mama zilikuwa humo, nifanyeje?

Hilo la mwisho likishafika halina jibu zuri. Ndiyo sababu hapa utafundishwa kupiga na kutunza kwa pamoja. Wengi wanaoanza hupiga kwa moyo miezi miwili mitatu bila kutunza chochote, simu inaharibika, wanavunjika moyo na kuacha. Anayetunza hupata nguvu ya kuendelea, kwa sababu akifungua picha za mwaka jana anaona jinsi mkono wake ulivyokomaa, na anawaona watu wake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yoyote inayopiga picha, au kamera ya mtumba. Usisubiri kamera. Anza na kilicho mfukoni.
- Kitambaa laini, kile cha kufutia miwani.
- Memori kadi ya GB 32 au 64 kutoka duka unaloliamini. Kadi bandia zipo nyingi. Huandikwa GB 128 juu, ndani hazifiki hata robo, na picha zinazozidi hupotea bila taarifa.
- Diski ya nje ya kuhifadhia picha (hard disk), ambayo wengi wetu huiita eksteno. Kama bei bado ni kubwa, anza na fleshi mbili.
- Akaunti ya Google. Inakupa GB 15 za bure, ambazo barua pepe zako nazo zinazitumia. Kwa picha za simu zenye MB 3 hadi 5 kila moja, nafasi hiyo inatosha picha elfu tatu hivi na zaidi.
- Daftari na penseli. Usiviruke hivi viwili, utaona sababu kwenye hatua ya 8.
- Mfuko wa plastiki wa zipu, na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukiishi Tukuyu au Kyela, vipakiti hivyo ni mali.

Hatua ya 1: Andaa kifaa chako

Ingia kwenye mipangilio uhakikishe tarehe na saa ni sahihi. Kila picha hubeba ndani yake tarehe iliyopigwa, na tarehe hiyo ndiyo itakayokusaidia kuipata baada ya miaka kumi. Kamera za mtumba mara nyingi huja na tarehe ya miaka mingi nyuma.

Weka ukubwa wa picha uwe wa juu kabisa. Washa mistari ya gridi ili upeo wa macho usilale upande. Kisha zima kile kichujio cha kulainisha na kung'arisha uso. Simu nyingi huja nacho kimewashwa, na kinachofanya ni kufuta mikunjo ya bibi yako na kubadili rangi ya ngozi yake. Unataka kumkumbuka jinsi alivyo.

Futa lenzi kabla ya kila safari. Picha nyingi zinazolalamikiwa kuwa na ukungu zina mafuta ya vidole tu.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja cha karibu, ukifuate mwaka mzima

Watu husema hapa hakuna kitu, wakimaanisha kwamba hawana nauli ya kwenda kwenye vivutio. Vivutio tunavyo vya kutosha: maua ya Kitulo kati ya Desemba na Aprili, Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, nguzo za udongo za Isimila. Nenda ukipata nafasi. Lakini huko utakwenda mara moja moja, na picha zake zimeshapigwa na maelfu ya watu. Soko la mtaani kwenu, jiko la nyumbani kwenu, fundi cherehani wa barazani, hao wanakusubiri wewe. Soko la Mwanjelwa la zamani liliungua mwaka 2006, na lililopo leo ni jengo la sura nyingine kabisa. Waulize waliokuwa na vibanda kule ni wangapi wana picha hata moja ya kibanda chao.

Chagua moja kati ya haya:

*Shamba.* Mahindi ya Mbeya na Njombe hupandwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na huvunwa katikati ya mwaka kunapokuwa na baridi kali. Picha ya kila wiki mbili za shamba moja itakupa kitu ambacho hakuna mtalii anaweza kukipiga. Chai ya Mufindi na Rungwe ina faida yake: huchumwa karibu mwaka mzima, kwa hiyo kazi haikosekani.

*Mtu mmoja.* Mama anayeuza ndizi, mzee anayefuma vikapu, dereva wa bajaji. Mmoja tu, kwa ridhaa yake.

*Mahali pamoja.* Panda jiwe la Gangilonga pale Iringa kila mwezi, simama palepale, elekeza kamera uelekeo uleule. Wa Mbeya wana miteremko ya Loleza. Miaka mitano ya picha hizo itaonyesha mji ukipanda milima.

Ukishachagua, usibadili kabla ya miezi mitatu. Kosa kubwa la anayeanza ni kuhama kila wiki: leo maua, kesho harusi, keshokutwa ndege. Kuhama hivyo kunachosha haraka, na hutaona ulipopiga hatua.

Hatua ya 3: Weka siku moja ya wiki

Siku hiyo piga picha 10 zenye nia. Ukipenda piga zaidi, ila 10 ziwe za kufikiria. Kwa kila kitu unachokipiga, kipige kwa umbali wa aina tatu. Ya kwanza kutoka mbali, ionyeshe mahali: kibanda chote, mlima nyuma yake. Ya pili ya karibu kiasi, mtu na kazi yake. Ya tatu karibu kabisa: mikono inayomenya viazi, ukingo wa kikapu. Usivute kwa vidole kwenye kioo cha simu, maana hapo simu inakata picha na kuikuza tu. Sogea kwa miguu.

Wiki ya mvua ni wiki ya kupiga vilevile. Mvua ya Tukuyu ukiisubiri ikatike utasubiri sana. Piga ndani, piga dirishani, piga mwavuli unaopita.

Hatua ya 4: Jifunze mwanga wa huku

Ushauri mwingi wa picha umeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Yafuatayo ni ya kwetu.

Jua la Mbeya huchomoza kama dakika 20 au zaidi baada ya la Dar es Salaam, kwa sababu tuko magharibi zaidi na saa yetu ni moja. Mwezi Juni na Julai linatoka karibu saa 1 kamili asubuhi. Kwa hiyo mwanga mzuri wa pembeni, ule wa dhahabu, unaupata kuanzia saa 1 hadi saa 2 na kidogo asubuhi, na tena kuanzia saa 11 jioni. Saa 7 mchana jua liko utosini na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Ukilazimika kupiga saa hiyo, mpeleke mtu chini ya paa la baraza au kivuli cha mti, akiangalia nje kwenye mwanga.

Ngozi nyeusi na shati jeupe ni mtihani kwa kila kamera. Kamera huona shati au anga jeupe nyuma, hupunguza mwanga, na uso unatoka kama kivuli. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, kisha telezesha kidole juu kidogo hadi uso uonekane vizuri. Anga likififia, liache lififie. Uso ndio picha. Na usimsimamishe mtu mgongo wake ukiwa dirishani.

Kwenye ukungu, kamera hukosea kwa namna ileile: huona weupe mwingi na kuugeuza kijivu. Asubuhi za Njombe, Mufindi na milima ya Uporoto, ongeza mwanga kwenye kipimo cha mwanga cha kamera (alama ya +/-) hadi +0.7 au +1. Tafuta kitu cheusi cha karibu, mti au mtu mwenye baiskeli, ili ukungu upate cha kukizunguka. Mwanga wa ukungu ni laini kwenye nyuso kuliko taa yoyote ya studio, na sisi tunaupata bure.

Jikoni kwenye moto wa kuni, zima flashi. Huwa inamulika moshi na kuufanya ukuta mweupe. Mwombe bibi akae karibu na mlango, uso kuelekea mlangoni, nawe simama pembeni usizibe mwanga. Egemeza mikono ukutani au kwenye kiti ili isitikisike.

Hatua ya 5: Omba kwanza

Salimia kabla hujatoa simu. Shikamoo kwa mkubwa, na ukiweza salamu ya nyumbani kwake: *kamwene* kwa Wahehe na Wabena, *ugonile* kwa Wanyakyusa. Sema unataka kupiga nini na picha itakwenda wapi. "Mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini, nitakuletea nakala" ni maneno yanayotosha. Akikataa, shukuru uondoke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, uso wa mtu ni wake.

Ukiahidi nakala, ipeleke. Hapa ndipo wapiga picha wengi wanaharibu jina lao na la wenzao watakaokuja nyuma. Mama aliyepokea picha yake ya karatasi mkononi atakuruhusu kurudi mwaka mzima, na jirani zake watakuita wenyewe.

Msibani, mwone mzee wa familia kwanza, na usiingize kamera karibu na mwili bila kuambiwa. Watoto, waombe wazazi wao. Kambi za jeshi, magereza na vituo vya polisi, usielekeze kamera kabisa.

Hatua ya 6: Hamisha picha siku hiyohiyo

Tengeneza folda kwa mpangilio huu: mwaka, mwezi, siku, mahali, jambo. Mfano: *2025-03-16_Uyole_viazi*. Mwaka ukitangulia, folda zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Usibaki na folda inayoitwa "Picha mpya". Baada ya miezi sita utakuwa na "Picha mpya 2" na "Picha mpya mpya".

Futa zilizotikisika na zinazojirudia. Bakiza hata zile usizozipenda ikiwa zina mtu ambaye huna picha yake nyingine. Picha mbaya ya babu ni bora kuliko kutokuwa na picha ya babu.

Onyo la WhatsApp: picha ikitumwa pale kwa njia ya kawaida hubanwa, ukubwa unapungua sana, na taarifa za tarehe zinaondolewa. Kwa hiyo zile picha za harusi ulizotumiwa kwenye kundi la familia ni vivuli vya picha halisi. Mwombe aliyepiga akutumie kama hati, siyo kama picha, au akupe kwa fleshi.

Hatua ya 7: Nakala tatu

Wapiga picha duniani kote hufuata kanuni moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa mazingira yetu inaweza kuwa hivi: moja kwenye simu au kompyuta, moja kwenye eksteno kabatini, na moja kwenye akaunti ya Google. Kama bando halitoshi kupandisha zote, pandisha 20 bora za kila mwezi, na fleshi yenye zote umpe dada yako anayeishi mji mwingine. Moto na mwizi haviwezi kufika nyumba mbili kwa usiku mmoja.

Mambo ya kuepuka:

- Kuhamisha kwa "kata na bandika". Tumia "nakili", hakiki zinafunguka, ndipo ufute kwenye kadi.
- Kufomati kadi, yaani kuifuta yote, kabla ya nakala mbili kuwepo.
- Kuchomeka fleshi yako pekee kwenye kompyuta ya steshenari. Virusi huenea hapo kila siku. Beba fleshi nyingine yenye zile picha chache tu unazokwenda kusafisha, yaani kuzitoa kwenye karatasi.
- Kuacha fleshi droo miaka mingi bila kuifungua. Ichomeke angalau mara moja kwa mwaka uone kama picha bado zinafunguka.

Hatua ya 8: Andika majina

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Picha isiyo na majina hufa pamoja na mtu wa mwisho aliyewajua waliomo. Fungua albamu ya ukoo wowote utakuta watu wamesimama mbele ya nyumba, wamevaa vizuri, na hakuna anayejua ni akina nani.

Kwenye daftari, andika namba ya picha, majina kutoka kushoto kwenda kulia, uhusiano wao, mahali, tarehe, na walikuwa wanafanya nini. Mahali paandikwe kwa kijiji au mtaa, usiishie kwenye mkoa. Mikoa hubadilika: Njombe ilikuwa ndani ya Iringa hadi mwaka 2012, na Songwe ilikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Picha ya kimondo cha Mbozi iliyoandikwa "Mbeya" tu itamchanganya mjukuu wako.

Kisha piga picha kurasa za daftari na uziweke kwenye folda ileile. Wazee wakisimulia kuhusu picha, warekodi sauti kwa simu, ukiwa umewaomba ruhusa, na faili la sauti liingie folda hiyohiyo.

Hatua ya 9: Safisha chache kila mwezi

Picha mbili au tatu zinatosha. Karatasi haihitaji chaji wala nywila. Nyuma andika kwa penseli laini bila kukandamiza. Wino wa peni hupenya na kuacha alama usoni baada ya miaka. Usizibandike kwa gundi. Ziweke mbali na ukuta unaotoa unyevu, na usitundike picha yako pekee mahali jua linapopiga, kwa sababu rangi huisha.

Hatua ya 10: Okoa albamu za wazee

Huhitaji skana. Toa picha kwenye plastiki yake ikiwa inatoka kwa hiari. Ikiwa imenata, iache, ipige ikiwa humohumo. Iweke kwenye meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, simu iwe sambamba juu yake, flashi imezimwa. Ukiona mng'ao, geuza meza au inamisha picha kidogo. Piga mbele, kisha piga na nyuma, maana muhuri wa studio na maandishi ya mkono ni ushahidi. Usifute picha ya zamani kwa maji wala mate.

Fanya kazi hii ukiwa umekaa na mwenye albamu. Utakusanya majina ya hatua ya 8 kwa kikao kimoja, na mara nyingi utaondoka na habari ambazo hukuwahi kuzisikia.

Matatizo yanayojitokeza

*Lenzi imejaa mvuke.* Umetoka kwenye baridi ya Makete ukaingia jikoni penye moto. Kabla ya kuingia, funga kifaa kwenye mfuko wa zipu, ukiache humo nusu saa kipate joto taratibu. Usikipeleke karibu na moto.

*Chaji inaisha ghafla asubuhi.* Baridi hupunguza nguvu ya betri. Weka simu au betri ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ikipata joto, sehemu ya chaji hurudi.

*Kuna nyuzinyuzi kama utando ndani ya lenzi ya kamera.* Hiyo ni kuvu, inayoletwa na unyevu na giza. Ikiwa ndogo, mpelekee fundi mapema. Kuzuia ni rahisi zaidi: chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya viatu ndani, uvibadilishe vikishachoka, na kamera itolewe kutumika kila wiki. Begi la ngozi lililofungwa kabatini Tukuyu ni shamba la kuvu.

*Kadi inasema haisomeki, au nimefuta kwa bahati mbaya.* Acha kupiga papo hapo. Usikubali kuifomati. Picha zilizofutwa mara nyingi bado zipo hadi nyingine ziandikwe juu yake. Toa kadi, iweke kwenye kompyuta safi, tumia programu ya bure ya PhotoRec, na picha zinazopatikana ziandike kwenye diski nyingine, kamwe siyo kwenye kadi ileile.

*Simu inasema nafasi imejaa.* Anza na video na picha za "habari za asubuhi" kwenye makundi ya WhatsApp. Zima upakuaji wa moja kwa moja wa vitu hivyo. Picha zako usiziguse kabla ya hatua ya 7.

*Picha zangu hazifanani na za wengine.* Linganisha za Machi na za Januari, zote zako. Chagua moja bora ya kila mwezi uiweke folda ya peke yake. Ikifika ya sita utaona mwenyewe ni mwanga gani unaouelewa na upi bado.

*Niliacha miezi kadhaa, narudije?* Usijaribu kufidia wiki zilizopita. Chaji betri, chagua siku yako ya wiki hii, na uanze na hatua ya 1, kwa sababu kamera iliyokaa muda mrefu bila betri husahau tarehe.